Matroni na Koseti ya Waridi

Jiji la Mbeya lina fadhila moja kwa mwanaume mwenye kifua kilichotuna matiti kama nilichokuwa nacho mimi, nayo ni baridi. Katika mji uliokaa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mwalimu anayevaa sweta na koti juu yake hadi adhuhuri ya mwezi Julai haulizwi na mtu, na mimi niliitumia ruhusa hiyo ya hewa kwa miaka mingi, hata Oktoba jua linapowaka na wenzangu wote wamebaki na mashati ya mikono mifupi. Wanafunzi, hata hivyo, hawadanganywi na koti. Shule yetu ilikuwa na patroni wa bweni la wavulana, ambaye ndiye mimi, na matroni wa bweni la wasichana. Wanafunzi wakaamua kwamba matroni tuko wawili.

Nilianza na dawa ambayo kila mwanaume huianza, yaani mazoezi. Nilijiunga na jimu moja pale Sae, nikanyanyua vyuma alfajiri hadi mikono ikawa inatetemeka nikishika chaki, na matokeo yakaja kinyume kabisa cha nia yangu, kwa sababu misuli ya kifua ilipokua ilikisukuma mbele kile kilichokuwa juu yake. Nikawa nimekijengea jukwaa.

Daktari niliyemwendea hatimaye alinibonyeza chini ya chuchu, akanishikisha na mimi mwenyewe kitu kigumu cha duara, akasema, “Mwalimu, haya si mafuta. Mafuta ungeyapunguza kwa kukimbia. Hii ni tezi ya titi.” Kisha akaanza maswali ambayo sikuyatarajia: kama ninatumia spironolaktoni kwa ajili ya moyo au shinikizo la damu, kama niliwahi kumeza simetidini kwa ajili ya vidonda vya tumbo, kama ini langu ni zima, ninakunywa pombe kiasi gani, na kama kule jimu nilipewa sindano yoyote ya kukuza misuli. Alipoomba anikague korodani nilidhani amenichanganya na mgonjwa mwingine, hadi aliponieleza kuwa uvimbe wa huko chini unaweza kuvuruga uwiano wa homoni mwilini, na kifua kikawa ndicho kinachotoa taarifa. Kwa wavulana wengi wanaobalehe, alisema, hali hii hujitokeza na kuondoka yenyewe ndani ya miaka 2 hivi. Yangu ilijitokeza nikiwa kidato cha pili, ikasahau kuondoka, na tezi iliyokaa muda wote huo hugeuka nyuzinyuzi ngumu ambazo vidonge havizifanyi lolote. Ilibaki kukatwa. Akaniongezea, nadhani ili kunipa moyo, kwamba tabibu wa Kigiriki, Paulus wa Aegina, alikwisha kuueleza upasuaji wa matiti ya wanaume katika karne ya 7. Nilijisikia vizuri kidogo kujua kwamba aibu yangu ina umri mkubwa kuliko misikiti na makanisa yote ya jiji letu.

Kabla ya kukatwa ilibidi nipimwe kwa mashine ya mawimbi ya sauti, na hapo ndipo nilipokaa kwenye benchi refu pamoja na akina mama, koti limefungwa hadi shingoni. Mama mmoja aliniambia kwa upole kwamba wanaosindikiza wake zao husubiri nje. Binti wa mapokezi alikuwa akijaza fomu kwenye kompyuta, akafika mahali akasita, akanitazama, akauliza kwa sauti ambayo benchi zima liliisikia, “Tarehe ya hedhi ya mwisho?” Nikamwambia aache wazi. Akanijibu kwamba mfumo haukubali kuacha wazi. Tulijadiliana, foleni ikaanza kunung'unika, mwishowe akaandika tarehe ya siku hiyo hiyo ili mambo yaende, na kwa hiyo katika kumbukumbu za hospitali ile mimi nilikuwa mwezini.

Kuhusu upasuaji wenyewe sina mengi, kwa kuwa nilipigwa nusu kaputi, nikaamka kinywa kikavu na kifua kimefungwa bandeji. Walikuwa wamechana nusu duara kwenye ukingo wa ule weusi unaozunguka chuchu, wakaitoa tezi, wakafyonza mafuta ya pembeni, wakaacha mirija midogo ya kutoa majimaji, ambayo ilitolewa baadaye. Tezi ilipelekwa maabara, kwa maana saratani ya matiti huwapata wanaume pia, ingawa ni takribani mgonjwa 1 katika kila 100. Majibu yalikuja mazuri. Masharti yalikuwa mawili: nisinyanyue mikono kupita mabega wala kubeba kitu kizito hadi niruhusiwe, na nivae nguo ya kubana kifua usiku na mchana kwa majuma 4 hadi 6.

Nguo hiyo haikupatikana hospitali wala kwenye maduka ya dawa. Muuguzi akasema chochote kinachobana sawasawa kitafaa, mke wangu akaenda kwenye mitumba ya Mwanjelwa, akarudi na koseti. Ilikuwa ya rangi ya waridi, yenye safu ya ndoano mbele na maua ya lesi kwenye ukingo wa juu, na yeye mwenyewe alinisimulia akicheka jinsi muuzaji alivyomuuliza ukubwa wa kifua cha bibi harusi, naye akajibu, “Kilikuwa kikubwa, lakini kimeshapunguzwa.” Ilinikaa vizuri mno. Juu yake nilivaa shati, sweta na koti, nikarudi darasani kuandika kwenye nusu ya chini ya ubao, na waliokaa nyuma wakawa wanasimama ili waone.

Mambo yangeishia hapo kama mama mkwe asingepanda gari kutoka Tukuyu kuja kunipa pole. Yeye alikuwa ameambiwa kwamba nilitolewa jipu. Jumapili akasema, “Mkwe wangu, jipu la kifuani si kitu cha kunyamazia, twende tukamshukuru Mungu,” na hakuna mkwe wa kukataa hilo. Tukaenda kwenye kanisa la kilokole analosali mke wangu, na kwa heshima ya mgeni tukakalishwa mbele kabisa, chini ya spika.

Mchungaji akapaza sauti: kila anayempenda Bwana ainue mikono juu! Kanisa zima likainua. Mimi niliinua hadi kwenye kiwiko, viganja vikiangalia juu, kama mhudumu wa hoteli aliyebeba sinia. Akarudia, akinitazama. Nikatabasamu. Akashuka madhabahuni, akatangaza kwamba kuna mpendwa hapa ambaye roho chafu imemfunga mikono asimsifu Mungu, na kabla sijafungua kinywa wahudumu wawili wenye miili ya kubeba viazi vya Uyole walikuwa wamenishika kila mmoja upande wake, wakanyanyua.

Nilipiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi. “Niache!” nilisema, na kwa bahati mbaya hilo ndilo neno ambalo mapepo husema. Kanisa likajibu, “Moto! Moto!” Mke wangu alikuwa akipiga kelele, “Ni mshono! Ana mshono!” lakini spika zilimmeza. Katika kuvutana, vifungo vya koti na vya shati vikakatika pamoja, sweta likapanda hadi kidevuni, na waumini wa mbele, wakiongozwa na mama mkwe, wakaiona koseti ya waridi pamoja na maua yake.

Kukawa kimya. Kisha mchungaji, kwa sauti ya mtu aliyepata ushahidi alioutafuta kwa muda mrefu, akasema kwenye maikrofoni, “Hata mavazi limembadilisha!”

Daktari alikuta damu kidogo imevilia upande wa kushoto, akaivuta kwa sindano, akauliza nilibeba nini. Nilimwambia nilibebwa. Mama mkwe alielezwa ukweli usiku ule, akafikiri sana, akauliza kama Mwanjelwa zimebaki za saizi yake.

Jumapili iliyofuata mchungaji alinipa nafasi ya kutoa ushuhuda wa kufunguliwa, nami nikautoa kama ulivyo: tezi, homoni, kisu, ndoano za koseti. Hakuna aliyesema amina. Lakini baada ya ibada wanaume walianza kunifuata nyuma ya choo mmoja mmoja, kila mmoja akiwa na rafiki yake mahali fulani, Kyela, Vwawa, Makambako, ambaye angependa kujua gharama na kama inauma. Wa mwisho alikuwa mmoja wa wale wahudumu wawili. Aliniomba radhi kwa ajili ya mkono, akaniulizia ya rafiki yake kwa kirefu, na jua la saa saba likituwakia, alikuwa amefunga koti hadi kifungo cha juu.