Dawa ya Bibi Ilianza na Maswali

Jumamosi mama mdogo alishuka kwenye basi la Tanga akiwa amekumbatia chupa ya lita moja, kitu cheusi ndani yake. Muuzaji alipandia Segera akahubiri mpaka Chalinze: vidonda vya tumbo, gesi, choo kigumu, mgongo, nguvu za kiume. Elfu kumi na tano tu. Nguvu za kiume mama mdogo anazipeleka wapi, sijui.

Usiku huo aliamka mara saba kwenda chooni. Asubuhi nikapiga namba iliyobandikwa kwenye chupa. "Usiogope dada, hiyo ni sumu inatoka." Sumu! Ukiharisha, dawa imefanya kazi. Usipoharisha, ongeza kikombe. Biashara isiyo na hasara. Nikauliza mna nini humo. "Mizizi saba." Ipi? "Siri ya babu." Nilipolamba tone, uchungu ule nikauhisi ni wa shubiri, na utomvu wa shubiri huendesha tumbo kwelikweli. Kinachotoka hapo si sumu, ni maji na chumvi za mwili wa mama wa miaka 64.

Na asije mtu kuniambia nimeidharau miti shamba. Nimelelewa na bibi, Pangani. Tangawizi ya kutwanga kwa kichefuchefu, bizari nyembamba ya kuchemsha kwa gesi, majani machanga ya mpera kwa kuhara. Tangawizi haikosekani jikoni kwangu hadi leo, na hata madaktari wanakiri inatuliza kichefuchefu. Ila bibi kabla ya kushika kinu alikuhoji. Umekula nini? Tangu lini? Choo kikoje? Akisikia choo ni cheusi kama lami, kinu alikiacha pale pale, akaanza kutafuta nauli ya kukufikisha hospitali ya Bombo, Tanga mjini.

Huyu wa kwenye basi hakuuliza hata moja. Angeuliza "mama, unameza dawa gani?" angejua ninachokijua mimi baada ya kupekua pochi: diklofenaki, vidonge vya maumivu, za magoti, tangu Ramadhani, tena mara nyingi kabla hajala. Hizo huchubua ukuta wa tumbo. Mkosaji mwingine mkubwa wa vidonda ni yule bakteria waliyemgundua madaktari Marshall na Warren kule Australia mwaka 1982, naye ana antibiotiki zake. Mwenye mizizi saba anatofautishaje?

Haya, nakubali kwa shingo upande: mwaka jana zahanati moja ilimpa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, ndani ya dakika mbili, daktari hajainua macho. Huyo naye hakuuliza. Muuzaji wa basi angalau alimtazama usoni, akamwita mama.

Chupa imebaki nusu, juu ya friji. Mama mdogo hataki niimwage, anasema pesa haitupwi chooni. Nimemuuliza nusu ya kwanza ilikwenda wapi.