Jason ya tarehe ngapi?

Mtu akiamua kuunda modeli ya ndege ndogo ya kale kwa mikono yake, bila kununua boksi la vipande vilivyokwisha kukatwa, kitu cha kwanza anachotafuta ni mchoro. Kwangu mimi mchoro unakuja baadaye. Kwanza chagua siku. Ndege unayoiunda ni ile ya tarehe ngapi?

Nichukue mfano ambao mafundi wengi wa modeli wanaupenda: de Havilland DH.60G Gipsy Moth, ndege ndogo ya Kiingereza yenye bawa la juu na la chini, namba yake G-AAAH. Rubani wake, Mwingereza Amy Johnson, aliiita Jason, jina la alama ya biashara ya samaki ya familia yake kule Hull. Aliondoka Croydon, kusini mwa London, tarehe 5 Mei 1930, akatua Darwin, Australia, tarehe 24. Alikuwa na miaka 26, yuko peke yake, na hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kuruka njia hiyo bila mwenzake. Ndege yenyewe ilikuwa ya mtumba.

Modeli nyingi za Jason zinang'aa: kijani kilichokolea, herufi za rangi ya fedha, kitambaa kimewambwa kama ngoma. Zinapendeza, sikatai. Ila ndege ya namna hiyo haikufika Darwin. Karibu na Rangoon, Burma (Myanmar ya leo), Amy alitua kwenye kiwanja cha michezo cha chuo cha ufundi cha Insein, ndege ikatumbukia mtaroni. Bawa, magurudumu na propela vyote viliumia. Watu wa chuo wakamsaidia kuitengeneza, na kitambaa cha kuziba bawa kikatoka kwenye mashati yaliyokuwa yameshonwa kwa kitambaa cha ndege kilichobaki baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Alipofika Java, vigingi vya mianzi vikatoboa mabawa. Huko akaziba matundu kwa plasta, hii hii tunayobandika kwenye kidonda.

Sasa modeli iliyoandikwa "Darwin 1930" kwenye kibao chake, isiyo na kiraka hata kimoja, ni ya ndege gani?

Najua jibu la wenzangu: viraka vinaonekana kama kazi mbovu. Mtazamaji hajui historia, ataona fundi ameshindwa kunyoosha kitambaa. Mimi naona kiraka ndicho kinachompima fundi. Kwa kipimo cha 1:8, plasta yenye upana wa sentimita 2.5 inakuwa milimita 3 hivi, na unene wake karibu hauonekani. Ukikata kwa kitambaa cha kawaida kitasimama kama kigae. Mimi natumia karatasi laini ya tishu, naibandika kwa vanishi nyepesi, kisha napaka rangi iliyopauka kidogo kuliko ya bawa. Kitambaa cha mashati kinataka nyuzi zake ziende upande mwingine, ili mwanga ukipita mtu aone tofauti bila kuambiwa.

Uzuri wa Moth ni kwamba unaweza kuijenga karibu kama kiwanda kilivyojenga. Bodi yake ni sanduku la mbao lililofunikwa plaiwudi nyembamba. Mabawa ni fito na mbavu za mbao, juu yake kitambaa. Bawa la mita 9.14 kwa 1:8 linakuwa sentimita 114, nafasi ya kutosha kuweka kila ubavu mahali pake, na hata bawaba za kukunjia mabawa nyuma, kwa sababu Moth halisi ilikunjwa ikahifadhiwa kwenye banda dogo. Jihadhari tu na mchoro wa DH.60M, aina nyingine ya Moth, ambayo bodi yake ni mabomba ya chuma yaliyofunikwa kitambaa. Zinafanana kwa mbali, lakini ubavu wa moja si ubavu wa nyingine. Na vibawa vinavyoiinamisha ndege kulia na kushoto viko kwenye bawa la chini peke yake. Nimeona modeli za watu wazima na akili zao zikiwa navyo vinne.

Injini haina makuu: silinda 4 zilizosimama wima kwenye mstari, zinapozwa kwa hewa.

Kuna watakaosema basi nenda London, Jason inaning'inia kwenye jumba la makumbusho la Science Museum, ipige picha umalize ubishi. Picha hizo zitakusaidia sana kwa maungio na vipimo. Kwa hali ya ndege siku ya Darwin hazitoshi. Siku 5 tu baada ya kufika, Jason ilipitiliza uwanja wakati wa kutua Brisbane, ikapinduka. Inayoonekana leo imepita kwenye mikono ya mafundi wengine, kwa hiyo nayo ina tarehe yake. Picha za magazeti za Mei 1930, japo hazina rangi, nazipa uzito zaidi.

Anayetaka Jason safi isiyo na doa anayo siku yake pia: asubuhi ya tarehe 5 Mei, pale Croydon. Lakini hapo nitaikagua. Nitatazama kama ameweka matangi ya ziada ya safari ndefu, na kama propela ya akiba imefungwa kwa kamba nje ya bodi, jinsi Amy alivyoondoka nayo.