Nani atanunua magurudumu ya treni mwaka wa nane?

Serikali zetu zikitangaza mpango wa treni ya mjini, wengi huuliza jambo moja tu: mkopo umepatikana? Ukipatikana, watu wanashusha pumzi, magazeti yanaandika mabilioni, na mradi unahesabiwa kama umeshasimama. Mimi naona hatari yenyewe inaanzia hapo, na mfano wangu ni Addis Ababa.

Addis walizindua reli yao nyepesi Septemba 2015. Takriban kilomita 34, njia mbili zinazokutana katikati ya jiji, vituo 39, treni 41. Gharama ilikuwa dola milioni 475, na asilimia 85 ya fedha hizo ilikuwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Nauli ilipangwa birr (sarafu ya Ethiopia) 2 hadi 6 kulingana na umbali, ili mtu wa kipato cha chini aimudu. Na watu waliipanda kweli, mabehewa yakawa yanashona. Huwezi kusema reli ile iliangushwa na uhaba wa abiria.

Kufikia mwaka 2023, yaani mwaka wa nane wa reli hiyo, treni zilizokuwa zinatembea hazikufika kumi. Nyingine zilikuwa zimeegeshwa zikisubiri vipuri, na kilio kikubwa kilikuwa magurudumu.

Gurudumu la treni ni chuma kinachosagana na chuma. Linalika kila siku, zaidi kwenye kona, na treni ikibeba watu kupita kiasi linalika haraka zaidi. Kwa muda fulani mafundi wanalichonga upya kwenye mashine ili lirudi kwenye umbo lake. Likishachongwa mara kadhaa linabaki jembamba, na hapo hakuna ujanja, ni kubadilisha. Kama kiwanda kiko nje ya nchi, kinataka dola.

Dola hizo zingetoka wapi? Abiria analipa birr. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa kama birr 21, kwa hiyo nauli ya juu ya birr 6 ilikuwa karibu senti 29 za dola. Julai 2024 Ethiopia iliacha soko lipange thamani ya sarafu yake, na haikuchukua muda dola ikapita birr 100. Birr 6 zile zile hazifiki tena senti 6. Nauli ungeipandisha mara mbili na pengo lingebaki. Kabla ya hapo, Desemba 2023, nchi ilikuwa imeshindwa kulipa riba ya dola milioni 33 ya hati fungani yake ya kimataifa. Nchi iliyofika hapo ikipata dola, itanunua kwanza mafuta, mbolea na dawa. Ningekuwa waziri wao wa fedha, nami ningefanya hivyo hivyo.

Lawama yangu naipeleka nyuma zaidi, kwenye meza ya mipango. Kwamba deni litakuwa la dola na mapato yatakuwa ya birr, ni jambo lililojulikana tangu siku ya kusaini. Ilijulikana pia kwamba nauli ile ni ndogo. Kuweka nauli ndogo ni uamuzi ninaouunga mkono kwa moyo wote, maana usafiri wa umma karibu kila mahali unaishi kwa ruzuku. Lakini ruzuku lazima iwe na mfuko unaotajwa kwa jina, la sivyo kila msimu wa bajeti reli itakwenda kuomba upya na kurudi na nusu ya ilichoomba. Mwenye daladala yoyote hapa Dar anapopokea hesabu ya siku anajua sehemu yake ni ya tairi, hata kama tairi zilizopo bado ni mpya.

Abuja, mji mkuu wa Nigeria, nao wana yao. Reli yao ilifunguliwa Julai 2018, ikasimama mwaka 2020, na abiria hawakuirudia hadi Mei 2024. Deni halikusimama pamoja nayo.

Na sisi? Barabara za mwendokasi za Mbagala zilikamilika, vituo vikakaa tayari, na wakazi wakaendelea kubanana kwenye daladala kwa sababu mabasi hayakuwepo hadi mwaka 2025. Fedha za zege zilikuwa zimepatikana mapema. Fedha za kitu cha kupita juu ya zege zilikuwa suala la baadaye, na baadaye hiyo ikawa ndefu mno kwa mtu anayetoka Mbagala alfajiri kuwahi kazini Kariakoo.

Kuna pia fidia. Mara nyingi mkopeshaji hagharamii ardhi. Serikali inatakiwa itoe fidia kutoka mfukoni mwake, na mwaka ule bajeti ikibana, wananchi wanakaa na nyumba zilizowekewa alama ya X, hawajengi, hawauzi, hawahami. Mkandarasi naye anasubiri eneo, na anadai gharama za kusubiri. Mkopo uliosainiwa bila kuchukuliwa mara nyingi nao unatozwa ada. Tunaishia kulipia fedha ambazo hatujazitumia kwa sababu tulikosa fedha ndogo zaidi za kumlipa mwenye kiwanja.

Tanzania tuna Tozo ya Maendeleo ya Reli, iliyoanza mwaka wa fedha 2015/16 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingia nchini. Napendekeza treni yoyote ya mjini itakayokuja itengewe kisheria sehemu ya tozo hiyo kwa ajili ya vipuri na matengenezo, ianze kuwekwa tangu mwaka wa kwanza wakati kila kitu bado ni kipya, na sehemu ihifadhiwe kwa fedha za kigeni. Najua Hazina hawapendi fedha zilizofungwa hivyo, na sababu yao ina uzito: zahanati inakosa dawa huku pesa zimelala. Lakini Addis walikuwa na treni zaidi ya 30 zilizolala, na zilikuwa za mkopo.

Kwa hiyo wabunge wakiletewa upembuzi yakinifu, wasianze na picha za vituo. Waulize gharama za mwaka wa nane: magurudumu mangapi, kwa sarafu gani, kutoka mfuko upi, na nani atajazia kama abiria watakuwa nusu ya waliokadiriwa. Wasipopata majibu kwa maandishi, warudishe makabrasha wizarani.