Samaki wa Kwenye Kaunta

Nilimpenda yule samaki tangu dukani. Alichomoza upande wa kulia wa kioo, akajikunja kama upinde, akasogea taratibu kwenda kushoto, mwekundu tumboni na manjano pembeni, huku juu ya mgongo wake pameandikwa mita 24. "Huyo hapungui kilo kumi na tano," muuzaji akaniambia, nami nikatikisa kichwa kama mtu aliyelelewa na sona. Kifaa chenyewe, sona ya kutafutia samaki kwa sauti, kilikaa juu ya kaunta ya mbao, ghorofa ya kwanza, katikati ya Dar es Salaam. Ule waya wake wa kwenda majini ulikuwa bado umefungwa kwa kamba ya plastiki ndani ya boksi. Swali la huyo samaki wa kilo 15 anaogelea wapi humo dukani halikunijia. Shemeji alikuwa pembeni yangu, ana diploma ya umeme, naye halikumjia.

Inauma zaidi kwa sababu tuliingia dukani na karatasi. Tuliandika vizuri: boti ya faiba mita 5, injini ya nje ya farasi 15, kuvua kwa mshipi Jumamosi, Tanga, kwenye maji ya mita 5 mpaka 25. Kwa maji hayo mahitaji ni madogo. Fishi fainda (watu wa Sahare, mtaa wa pwani hapo Tanga, wameshaifupisha kuwa "faida") inatupa sauti chini, inasubiri mwangwi, inahesabu muda. Sauti ndani ya bahari inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo kina cha mita 30, kwenda na kurudi, ni sekunde 0.04. Kazi hiyo yote inafanywa na kile kidude kinachokaa majini, transdyusa. Kioo ni cha kusomea tu.

Sasa sauti hiyo inashuka kama koni. Masafa ya kilohezi 200 (mitetemo 200,000 ya sauti kwa sekunde), koni ya nyuzi 20: kwenye kina cha mita 6 unaona duara lenye upana wa mita 2 tu, sawa na mkeka. Masafa ya 83, koni ya nyuzi 60: kina kile kile, unaona karibu mita 7. Kilohezi 200 hutenganisha vizuri samaki na mchanga, 83 hukuonyesha eneo pana. Masafa ya 50 ni ya kilindi, yanafika mbali lakini picha yake ni nene na samaki wadogo wanagandana na sakafu. Kwa hiyo karatasi yetu ilisema: 83 na 200, kioo cha inchi 5, volti 12, basi.

Tukatoka na inchi 9, masafa ya 50 na 200, wati 600, yenye uwezo wa kusoma zaidi ya mita 300. Mita 300, kwa watu wanaovua tasi! Huko chini Tanga labda ungemkuta silikanti, na yeye ana hifadhi yake ya bahari tangu 2009 na haruhusiwi kuvuliwa. Lakini ile inchi 5 ilikuwa imezimwa, kioo cheusi, na hii kubwa ilikuwa na samaki ndani.

Nyumbani hatukubandua ile nailoni ya juu ya kioo. Nani anabandua? Rimoti ya kwetu ina nailoni tangu mwaka jana, na kochi la wageni usiseme. Kwenye kona ya juu kushoto kulikuwa na stika ya bei ya duka, kubwa kama stempu mbili. Nayo tukaiacha, ili majirani wajue.

Kufunga, niseme ukweli, tulifunga vizuri. Transdyusa ilikaa kwenye ubao wa tezi, upande wa kulia, sentimita 40 kutoka kwenye pangaboi ili povu la injini lisipite chini yake, maana mapovu ni hewa na hewa inakata sauti kabisa. Uso wake tuliushusha milimita 3 chini ya tumbo la boti. Matundu ya skrubu tuliyajaza silikoni ya baharini, waya wa umeme tukaupa fyuzi ya ampea 3, na betri yake peke yake ya ampea-saa 7, kwa kuwa ukiiunga na ile ya kuwashia injini, kila ukipiga stata kioo kinazimika.

Babu mmoja, nahodha mstaafu anayekaa na nyavu zake pale Sahare, alitukuta alfajiri tunasukuma boti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu zangu. Hicho kinasikia kwa wapi?"

Nikamwonyesha transdyusa. Akaishika, akaigonga kwa kucha, akaguna. Akatoa bildi yake mfukoni, risasi ya kupimia kina, yenye shimo chini ambamo hupaka sabuni ili ipande na chembe za sakafu: ikija na mchanga ni mchanga, ikija na matope ni matope. "Nyie nendeni," akasema. "Ila leo bamvua." Tukamwambia tunajua. Tulijua kweli. Bamvua ya mwezi mpevu, Tanga maji hujaa kama saa kumi na nusu alfajiri na kukauka saa nne na nusu hivi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Tulichokuwa nacho ni kioo kinachoonyesha kina, kwa hiyo bamvua ilikuwa shida ya watu wengine.

Tulikiwasha tukiwa tumeshatoka, tukielekea kusini upande wa Mwambani. Mita 31. Samaki tele. Shemeji akashusha mshipi na kipande cha ngisi. Chubwi, ile risasi ya mshipi, likagota mapema mno. "Mkondo huo," nikamwambia, "umelaza mshipi." Sijui nilikuwa na maana gani.

Kioo kiliandika joto la maji nyuzi 17. Huo ulikuwa mwezi wa pili, kaskazi, bahari ya Tanga iko kwenye 28 na zaidi. Shemeji akachovya mkono, akautoa, akanitazama. Nikamweleza kwamba hiyo 17 ni ya chini. Uongo: kihisi cha joto kimo ndani ya transdyusa yenyewe, sentimita 20 kutoka juu. Tukazima injini, kioo kikaendelea kuandika mwendo wa noti 4, kama kilomita 7 kwa saa. Nikasema tunasukumwa. Na kila baada ya dakika nne hivi alipita jitu mmoja kwenye mita 24, mwekundu tumboni, manjano pembeni. Tulimtupia ngisi mara saba. Mara ya nane shemeji akasema taratibu, "Huyu mbona kama namfahamu."

Tukaamua kutia nanga juu yake. Kanuni ni kamba angalau mara tatu ya kina, kwa mita 31 tulihitaji 93, na tulikuwa na 60 tu. Shemeji akahangaika, akaunga na kamba ya kuburuzia. Akarusha. Nanga ikatua "tubwi!", kamba ikaenda pima moja na kidogo ikasimama. Mita nyingine zote zilibaki zimejiviringa miguuni mwetu kama chatu aliyeshiba. Hapo mtu mwenye akili anachukua kasia na kupima. Mimi nilikuwa nimevaa miwani ya jua ya polaroidi, ambayo ukitazama kioo cha namna ile kwa pembe fulani kinageuka giza, kwa hiyo nilikuwa nimeinamisha shingo upande kama kuku anayesikiliza, namtafuta samaki wangu.

Saa mbili na nusu boti ikasema "krrr" ikalala ubavu.

Kioo: mita 29.

Maji yaliondoka kama yameitwa. Nusu saa baadaye tulikuwa juu ya fungu la mchanga, mikoko kwa mbali, kaa wadogo wanapita chini ya pangaboi. Sikuzima. Nilibaki nimekishika ili kisianguke, na ndani yake bahari ilikuwa imejaa pomoni.

Kisha wakaja kina mama wa kuchokoa pweza, watatu, na chokoo zao begani, maji kwenye vifundo vya miguu. Mkubwa wao akasimama.

"Za uvuvi, wanangu? Mmeegesha au mmepwelewa?"

"Tunapumzika, mama," shemeji akajibu.

"Haya. Mmepata?"

Ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo Sahare wananikumbusha. Nilimgeuzia kioo. "Wapo, mama. Tazama, huyo hapo mkubwa, mita 24." Mama akakitazama kioo. Akaitazama miguu yake. Akamwita binti wa shule aliyebeba ndoo, "Njoo uwasomee wajomba zako." Binti akakaribia, akainua ncha ya ile stika ya bei kwa kucha, akasoma kilichokuwa chini yake:

"Mjomba, hapa pameandikwa DEMO."

Hali ya maonyesho. Maduka huiweka ili kioo kiwe na cha kuonyesha bila maji, na kwenye baadhi ya vifaa haiondoki mpaka mtu aingie kwenye menyu na kuizima, hata uunge transdyusa kumi. Ukiwasha cha kwako kwa mara ya kwanza, tafuta neno hilo kabla ya kutafuta samaki. Kama huoni, inua boti juu ya nchi kavu: kikiendelea kusoma kina, unajua.

Nikaingia kwenye menyu mbele yao wote, nikazima. Jitu letu likatoweka, bahari ikatoweka, ikabaki mistari miwili midogo mahali pa namba, ishara ya kwamba transdyusa haisikii maji. Ilikuwa imelala mchangani. Kwa mara ya kwanza tangu tukinunue, kifaa kilikuwa kimesema kweli. Tulinunua pweza wawili kwa yule mama, kwa bei aliyoitaja yeye, hatukuomba apunguze. Maji yaliturudia saa sita na nusu.

Duka lilikipokea. Nailoni ilikuwa haijabanduliwa, kioo kipya kabisa. Tulikatwa fedha ya transdyusa tu, maana silikoni haikutoka yote. Tukachukua ile inchi 5 ya 83 na 200, safari hii tukidai iwashwe na transdyusa yake ikiwa ndani ya ndoo ya maji. Ndoo haipimiki kina vizuri, mwangwi unagonga kuta, lakini angalau inaonyesha kama inasikia na kama joto inaloandika ni la ndoo. Michoro ya visamaki tuliizima siku hiyo hiyo: ile huchora samaki hata kwa povu au kipande cha mwani. Upinde halisi huja boti au samaki akipita ndani ya koni, mbali, karibu, mbali tena. Mkiwa mmesimama wote unapata mstari mrefu. Na jodari mdogo anayekosa kibofu cha hewa anaweza kupita akaacha kimwangwi hafifu kama takataka, kwa hiyo kioo kitupu si lazima kiwe bahari tupu.

Jumamosi iliyofuata tulimchukua babu. Mbele kidogo ya Sahare kioo kikasoma mita 4.3. Babu hakusema kitu, akateremsha bildi, akavuta uzi kwa mikono miwili akihesabu: pima mbili na nusu, sakafu mchanga na kombe zilizovunjika. Pima mbili na nusu ni kama mita 4.5.

"Kimekosa karibu shibiri," akasema.

Nikamweleza kwamba hakijakosa; kinapima kuanzia kwenye transdyusa, nayo iko sentimita 20 chini ya maji, na kwenye menyu kuna mahali pa kujumlisha hizo.

"Ah," babu akasema, akijifutia uzi kwenye shuka. "Basi kiambie kianzie juu, kama watu wengine."