X Nyekundu

Mwaka mzima niliamini mashine yangu ya kusaga ina faida kuliko basi la mkoani. Ushahidi ulikuwa kwenye kaunta buku. Ukurasa wa kwanza, upande wa mapato, nimeandika kwa mwandiko wa kujidai: "Mkopo, sh. 5,400,000." Upande wa matumizi mwezi ule kulikuwa na ufagio na glopu mbili. Bei ya mashine sikuiandika popote, maana mashine si ipo pale naiona, matumizi gani hayo? Nikapiga hesabu, nikaona faida ya milioni tano na ushee, nikachinja mbuzi.

Tupo nje kidogo ya mji wa Morogoro, kando ya barabara ya kwenda Iringa. Mpwa wangu anayesoma uhasibu alikuja likizo, akalifungua lile daftari, akalifunga, akalifungua tena.

"Mjomba, mbuzi yule mlimla kwa hela ya SACCOS."

"Hela ikishaingia mfukoni mwangu ni yangu."

"Ni ya kwao, wewe umeishikilia tu. Mkopo ni deni, hauingii kwenye mapato. Na uchakavu uko wapi?"

Hapo nilisimama. Mashine ina mwaka mmoja, nimeinunua mpya kwenye boksi lake, mtoto niliyembeba mgongoni ananiambia chakavu! Hakubishana. Alizima umeme, akafungua kifuniko cha kinu, akachomoa moja ya nyundo zinazoponda mahindi na kuniwekea kiganjani. Ilipokuja ilikuwa na kona nne kali. Sasa upande mmoja umelika na kuviringana kama kipande cha sabuni ya kufulia siku ya Ijumaa.

"Umeinunua milioni 6," akasema. "Tuseme itafanya kazi miaka 5, halafu utaiuza milioni 1. Hiyo milioni 5 inayopotea katikati unaigawa kwa miaka. Kila mwaka unaandika milioni 1 ya uchakavu, hata kama hakuna senti iliyotoka mfukoni. TRA nao wana viwango vyao vya kodi, kompyuta asilimia 37.5 kwa mwaka, samani za ofisi 12.5."

Nikauliza kuhusu kiwanja alichoniachia marehemu baba. Akasema ardhi haichakai, banda ndilo linachakaa. Nikashukuru, angalau mzee amesalimika.

Upande wa madeni nilikuwa nadaiwa bado milioni 3.6. Akaipasua katikati: 1.8 ninayotakiwa kulipa ndani ya miezi 12 akaiita deni la muda mfupi, 1.8 nyingine inayokuja baada ya hapo akaiweka chini yake, deni la muda mrefu. Nilivyolipenda hilo jina! Niliiona ile hela ikitembea kuelekea Iringa bila kugeuka nyuma.

Kabla hajaondoka kwenda kumsalimia shangazi yake aliniachia kazi. "Tengeneza daftari la mali za kudumu. Kila mali ipe namba, na namba hiyo iandikwe kwenye mali yenyewe."

Nilikuwa na rangi nyekundu iliyobaki ya geti. Namba za kawaida niliona zitafanana na bei, mteja aje aanze kupatana. Nikachagua za Kirumi, tulizofundishwa darasani kwa fimbo. Mashine I. Mota II. Mzani III. Nikaendelea hivyo hadi benchi la wateja, VIII, na tangi la maji, IX. Likabaki banda lenyewe. Kwa kuwa ndilo mali kubwa kuliko zote, namba yake niliichora kubwa, ukuta wa mbele, unaotazama barabara.

Nadhani wewe msomaji umeshaiona. Mimi nilienda kulala.

Asubuhi hakuna mteja hata mmoja, ila watu wamejaa ng'ambo ya barabara wameshika mashavu. Mama ntilie jirani yangu alikuwa juu ya paa lake anang'oa misumari.

"Jirani, umepewa siku ngapi?"

"Siku za nini?"

"Usijifanye. Kwako wameshaweka X ya kubomolewa, kwangu watapitia wapi kama si hapahapa? Bora niokoe bati zangu."

Kabla sijajibu ikafika pikipiki ya afisa mikopo. Habari za bomoabomoa hazihitaji vocha. Banda ndilo dhamana yangu, na mkataba unasema dhamana ikiwa hatarini, salio lote linadaiwa papo hapo. Nikampigia mpwa wangu.

"Hivi lile deni la muda mrefu linaweza kuhama?"

"Linaweza, mjomba. Ukidaiwa lote sasa hivi, lote ni la muda mfupi. Kwani umefanya nini?"

Nikakata simu, nikamshika afisa mkono nikamwingiza ndani. Nikamwonyesha I kwenye mashine, II kwenye mota, III kwenye mzani, nikihesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Kufika kwenye tangi alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko, akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye benchi. Rangi ya mafuta haikauki kwa usiku mmoja. Alipoinuka, suruali yake ya kaki ilikuwa na mali yangu namba nane, imegeuka kinyume. Nadhani alijua ofisini, maana salamu zake kwenye simu jioni zilikuwa fupi sana. Lakini mkopo ukabaki na miezi yake.

Mpwa alirudi akakuta napaka chokaa ukutani. Nikamwambia hii nayo tuiongeze kwenye thamani ya banda. Akakataa, akasema ni matengenezo, yaende kwenye matumizi ya mwezi huu, pamoja na suruali.

"Na bati za jirani?"

Alikuwa ametoboa nne katika kuzing'oa, tukakubaliana nimlipe debe mbili za sembe. Mpwa akaandika kwenye madeni ya muda mfupi. Muda wenyewe ulikuwa mfupi kweli. Mama ntilie alishasimama mlangoni na ndoo.