Bei ya kununua na bei ya kumiliki: gari kuukuu la kifahari Dar es Salaam

Asubuhi moja mwezi uliopita nilitoka nyumbani Sinza nikakuta gari langu limepiga goti. Kona ya mbele kulia ilikuwa imeshuka hadi tairi likakaribia kugusa bodi, ilhali kona nyingine tatu zilikuwa zimesimama kama kawaida. Ni Mercedes-Benz E320 la mwaka 2004, lenye umbo ambalo kiwanda kililiita W211, ambalo limekwisha kutembea kilomita 218,000, na badala ya springi za chuma linabebwa na mifuko ya hewa ya mpira. Mmoja kati ya mifuko hiyo ulikuwa umeachia usiku.

Nalitaja tukio hili kwa sababu ndugu na majirani huniuliza kila mara iwapo nao wanunue gari la namna hii, na swali lao lina msingi. Magari hayo yanauzwa hapa jijini kwa fedha ambayo wakati mwingine haizidi bei ya Toyota IST iliyotunzwa vizuri. Kwa fedha hiyohiyo mtu anapata viti vya ngozi, mwili mzito unaotulia barabarani, mifuko ya hewa ya kumkinga abiria ajali inapotokea, na injini ya silinda 6. Thamani kubwa ya gari ilikwisha kupotea mikononi mwa mmiliki wa kwanza, hivyo anayelinunua leo hapotezi mengi zaidi kwa upande huo. Anayesafiri mara kwa mara kwenda Dodoma au Iringa, hasa mwenye mgongo unaomsumbua, anaijua tofauti hiyo kabla hajafika Chalinze.

Wala si kweli kwamba kila kitu ndani ya magari haya ni dhaifu. Injini ya gari langu ni ngumu kwelikweli, na ikibadilishwa oili kwa wakati na kulindwa isichemke, kilomita 300,000 si muujiza kwake. Hata hivyo ina plagi 12, yaani 2 kwa kila silinda, na anayezoea kununua plagi 4 atashangaa siku ya kwanza ya sevisi.

Ugumu unaanzia hapo, kwa sababu gari linashuka bei lakini spea zake hazishuki nalo. Mfuko wa hewa, sensa na kompyuta za gari hili vilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekuwa na uwezo wa kulinunua likiwa jipya. Zaidi ya hapo, hitilafu moja huzaa nyingine. Mfuko unapoanza kuvuja taratibu, kampresa inayoujaza hewa hulazimika kufanya kazi muda wote, na mwenye gari akisubiri hadi mwisho wa mwezi, kampresa nayo huungua.

Breki ni mfano mzito zaidi. Magari ya E-Class ya miaka hiyo, likiwemo langu, yana breki zinazoendeshwa kwa umeme, na pampu yake huhesabu kila mara mguu unapokanyaga. Hesabu ikifika kikomo, dashibodi huandika kwa rangi nyekundu kwamba gari lipelekwe gereji. Mercedes-Benz yenyewe iliuacha mfumo huo kwenye E-Class mwaka 2006. Sasa fikiria foleni ya Barabara ya Mandela jioni, ambako dereva hukanyaga breki kila baada ya mita chache kwa saa nzima. Gari lenye kilomita chache za foleni linaweza kuwa limetumia breki zake kuliko lenye kilomita nyingi za barabara kuu.

Ndiyo maana naona wanunuzi wengi hukosea wanapoziogopa kilomita kuliko wanavyoiogopa miaka. Gari lililotoka Japani hivi karibuni linaweza kuthibitishwa, kwa kuwa ukaguzi wao wa lazima huandika kilomita katika hati. Lakini Mamlaka ya Mapato (TRA) hutoza ushuru wa ziada kwa magari ya abiria yaliyozidi miaka 8, kwa hiyo wengi hununua yaliyokwisha kuingia nchini na kupita mikono kadhaa, na humo kilomita za kwenye dashibodi ni maneno ya muuzaji tu. Mpira na plastiki havisomi kilomita hata kidogo: huzeeka kwa joto, na joto la Dar es Salaam halina msimu wa kupumzika.

Fundi ni nusu ya gharama. Mwaka juzi gereji moja iliniambia kwamba gia boksi limekufa na linunuliwe jingine la mtumba. Fundi mwingine, mtaa wa Gerezani hapa jijini, alifungua plagi ya umeme inayoingia kwenye gia boksi, akanionyesha oili iliyopenya na kupanda kupitia nyaya hadi kwenye kompyuta yake. Alisafisha, akabadilisha plagi hiyo pamoja na oringi zake, yaani pete za mpira za kuzuia oili isivuje, kwa bei isiyofikia robo ya tangi la mafuta. Gia boksi hilohilo linafanya kazi hadi leo.

Kwa anayetaka starehe bila mashaka haya, Toyota Crown ya 2003 hadi 2008 ni jibu la busara zaidi: spea zake zinapatikana Kariakoo na mafundi wanaolifahamu ni wengi. Halina utulivu uleule kwenye mwendo mkubwa, lakini halimwachi mtu wiki tatu akisubiri kifurushi kutoka Dubai.

Msimamo wangu ni kwamba gari kuukuu la Ulaya linamfaa mtu mwenye akiba ya pembeni isiyopungua nusu ya bei aliyonunulia, mwenye fundi anayemwamini kabla ya kununua, na asiyeona haya kupanda basi la mwendokasi gari likiwa juu ya mawe. Anayekopa ili alinunue, au anayelitegemea kila siku kuwapeleka watoto shule, nitamzuia kwa nguvu zangu zote.

Mfuko wa hewa nimeubadilisha, na kampresa ilinusurika kwa kuwa sikuliwasha gari hadi fundi alipofika. Pampu ya breki bado haijaandika chochote chekundu. Siku itakapoandika, nitalinganisha bei yake na bei ya gari zima kabla ya kuamua.