Koneti za 1923: kelele za santuri zisafishwe au ziachwe?

Tarehe 5 Aprili 1923 wanamuziki saba wa jazi kutoka Chicago waliingia studio ya Gennett mjini Richmond, Indiana, jengo lililokuwa kando ya reli. Treni ikipita, kazi ilisimama. Kiongozi wao alikuwa Joe "King" Oliver, mpiga koneti, ile ndugu ya tarumbeta yenye umbo fupi na sauti ya mviringo zaidi. Koneti ya pili alikuwa nayo kijana wa New Orleans ambaye hajawahi kurekodiwa, Louis Armstrong. Maikrofoni hazikuwapo. Walipiga mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti yao ndiyo iliyosukuma sindano ichonge nta.

Mwaka huo walirekodi kwa kampuni nne: Gennett, Okeh, Columbia na Paramount. Rekodi 37 za bendi hiyo zimeshawekwa pamoja kwenye mkusanyiko uitwao Off the Record, kazi ya David Sager na Doug Benson. Kila mkusanyiko wa namna hii unapotoka, ugomvi wa zamani hufufuka: kelele za santuri zifanywe nini?

Robert Parker, fundi sauti wa Australia, alitoa jibu lake miaka ya 1980. Alizipunguza kelele kwa mitambo, akaitandaza sauti ya mkondo mmoja ikawa stereo, akaongeza mwangwi wa ukumbi. Wajuzi walimshambulia, lakini watu wengi waliusikiliza muziki huu kwa mara ya kwanza kupitia kwake. Hilo si jambo dogo. Msikilizaji mgeni akikutana na "shhh" na "tak-tak" sekunde kumi za mwanzo, huzima, na Oliver anakosa sikio jingine.

Mwingereza John R.T. Davies alikwenda njia nyingine. Alisaka nakala iliyochakaa kidogo kuliko zote, akaondoa "tak" moja moja kwa mkono, na ule mvumo wa nyuma, "shhh", akauacha karibu wote. Mimi niko upande wake, kwa sababu inayohusu koneti yenyewe. Pembe ya kurekodia ilikuwa imeshazikata sauti nyingi za juu. Makali machache ya koneti yaliyosalia yanakaa palepale mvumo unapokaa, na chujio halijui lipi ni pumzi ya mtu na lipi ni vumbi. Oliver alisifika kwa kuziba na kuzibua mdomo wa koneti mpaka ikalia kama mtu anayeomba. Kuziba na kuzibua huko husikika kwa jinsi sauti za juu zinavyokuja na kupotea. Ukichuja sana solo yake ya "Dipper Mouth Blues", noti zinabaki lakini kilio kinatoweka.

Tena, hakuna mtambo unaorudisha kisichochongwa. Baby Dodds hakuweza kutumia ngoma yake kubwa mbele ya pembe ile, na Bill Johnson, mpiga besi, alishika banjo. Lil Hardin, mpiga piano wao, alisimulia kwamba Armstrong alisimamishwa mbali kwa sababu sauti yake ilimfunika Oliver. Anayemuahidi msikilizaji kuwa atajiona ukumbini Lincoln Gardens, bendi ilikopigia dansi huko Chicago, anaahidi asichokuwa nacho.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaozitukuza kelele kana kwamba ni sehemu ya muziki. Mvumo ule ni wa chembechembe za santuri na sindano nzito za gramafoni; waliocheza dansi Lincoln Gardens hawakuusikia. "Zulus Ball" inajulikana kwa nakala moja tu, iliyochakaa vibaya. Utasaka nakala gani nyingine? Hapo mitambo ya kisasa ni msaada wa kweli, nami ningeitumia bila aibu.

Usafi ninaouthamini kuliko wote hauzungumzwi sana: kasi. Santuri tunazoziita za 78 hazikuchongwa zote kwa mizunguko 78 kwa dakika. Kosa dogo hupandisha wimbo nusu toni, na Armstrong anageuka mwepesi na mkali kuliko alivyokuwa. Fundi mzuri huanza kwa kujiuliza bendi ya New Orleans ingepiga kwa kii gani, yaani wimbo ungeanzia noti ipi ya msingi, kisha hurekebisha kasi mpaka ikae.

Kukusanya kila rekodi, hata za wimbo uleule, nako kuna wapinzani, maana si kila mtu anataka "Mabel's Dream" mara tatu. Lakini weka "Dipper Mouth Blues" ya Aprili karibu na ile ya Juni kwa Okeh: solo ya Oliver ni ileile, karibu noti kwa noti. Aliitunga na kuipika kabla ya kuingia studio. Mkusanyiko wa nyimbo bora tu ungetunyima ushahidi huo.

Wachapishaji waandike basi, kando ya kila wimbo, nakala iliyotumika ilikuwa na hali gani, imezungushwa kwa kasi gani, na kimeondolewa nini.